Chipu Iko Ndani, Imelala, na Bado Unauziwa Ruta Kubwa

Wasee, leo tunaongea mitandao, na si ile ya kuweka picha. Naongea kuhusu ile boksi yenye taa za kijani iliyofungiwa kwenye kabati ya chuma gorofa ya chini, kando ya mita za stima. Saa mbili usiku ikifika video inaanza kuzunguka, gemu inakutupa nje, na kwa grupu ya WhatsApp ya ploti kila mtu anatukana kampuni ya intaneti. Halafu fundi anatuma ujumbe mmoja mtamu: ruta imezidiwa, tunahitaji kubwa, kila nyumba itoe kitu.

Mimi napinga huo ujumbe. Sisemi ruta haiwezi kuzidiwa, inaweza. Nasema kabla hujaniomba hata mbao, nionyeshe kwamba umetumia kile tulichonunua mara ya kwanza. Kwa sababu ndani ya hiyo boksi kuna wafanyakazi wawili, na mafundi wengi wanamtumikisha mmoja mpaka anatoka jasho huku mwingine amelala. Aliyelala ndiye mwenye nguvu zaidi kwa kazi hiyo, na tulishamlipia.

Wacha nieleze, na sitaharakisha hapa, kwa sababu ndipo watu huibiwa.

Ukifungua ruta nyingi zenye poti tano au kumi za kebo, utakuta CPU, ambayo ni ubongo wa kawaida kama ule wa simu yako, ila mdogo. Kando yake kuna chipu ya swichi. Wakati mwingine zote mbili zimewekwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni, lakini kazi zao ni tofauti. CPU inaweza kufanya chochote ukiiandikia programu: kuhesabu bando, kuonyesha ukurasa wa kulipia na M-Pesa, kuficha nyumba 40 nyuma ya anwani moja ya intaneti, kumzuia jamaa wa 4B asimalize laini yote akipakua muvi. Chipu ya swichi inajua kitu kimoja tu. Paketi ikiingia poti hii, inasoma anwani ya MAC inakoelekea, inaangalia kwenye jedwali lake, na inaitoa kwa poti ile. Basi. Haijui M-Pesa wala muvi. Lakini hiyo kazi moja inaifanya kwa kasi ya waya, poti zote kwa wakati mmoja, bila kuomba msaada.

Kuunganisha poti kadhaa ziwe mtaa mmoja, ndiyo watu wa mitandao huita daraja. Na daraja unaweza kulijenga kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa programu: kila paketi inapanda mpaka kwa CPU, programu inaisoma, inaamua, inaishusha tena. Ya pili ni kuhamishia chipu kazi hiyo, ili paketi iingie na kutoka bila CPU kujua kama imepita.

Fikiria unaishi Umoja na unaenda kumwona cuzo wako Donholm. Ni hapo tu. Sasa fikiria serikali imeamua kila mtu wa Umoja anayeenda Donholm apande matatu mpaka tao kwanza, apige foleni kwa ofisi, karani aangalie kitambulisho, amwambie "wewe unaenda Donholm," halafu apande matatu ya kurudi Eastlands. Ukifika umechoka, barabara imejaa, na huyo karani ameshindwa kumhudumia mtu wa kweli aliyekuja tao kwa shughuli ya tao. Hilo ndilo daraja la programu. Na foleni ya Jogoo Road inayotokana na hayo maneno, kuna mtu anataka kuitatua kwa kuajiri karani mwenye misuli zaidi.

Twende kwa namba, na hizi unaweza kuzipiga mwenyewe kwa kalkuleta. Laini ya gigabiti 1 ikijaa paketi ndogo kabisa za Etheneti, za baiti 64, inapitisha paketi 1,488,095 kwa sekunde. Yaani kila nanosekunde 672 kuna paketi mpya mlangoni. CPU ya MHz 600 ndani ya hizo nanosekunde 672 inapata kama mizunguko 403. Mizunguko 403 ya kusimamisha ilichokuwa ikifanya, kuitoa paketi kwenye kumbukumbu, kusoma anwani, kutafuta jedwali, kuamua, na kuituma. Haitoshi, hata ungekuwa nani. Paketi zikiwa kubwa, za baiti 1,518, zinakuwa kama 81,274 kwa sekunde, na CPU ile ile inapata mizunguko kama 7,380 kwa kila moja. Hapo inapumua. Lakini kumbuka hiyo ni laini moja, upande mmoja, na CPU haina kazi nyingine duniani. Yenu ina kazi nyingine 20.

Chipu ya swichi haina hiyo hesabu. Haisimamishi kitu kwa sababu hakuna kingine inachofanya. Jedwali lake limejengwa kwa saketi, si kwa programu, na kusoma anwani na kutafuta poti ni umeme kupita njia iliyochorwa tayari. Ndiyo maana hata zile swichi ndogo za poti tano, za bei rahisi, zenye CPU isiyofaa kucheza hata gemu ya nyoka, zinapitisha gigabiti kila poti bila kelele. Hakuna uchawi pale. Ni kazi kupewa mwenyewe.

Na watu waliojenga Linux, ambayo ndiyo iko ndani ya ruta nyingi hata kama haijaandikwa kwa karatasi, walishaona haya kitambo. Mwishoni mwa 2008, toleo la Linux 2.6.28 lilikuja na mpango unaoitwa DSA, wa kuifanya chipu ya swichi ionekane ndani ya mfumo kama poti za kawaida, kila poti na jina lake. Mwanzoni mwa 2015, toleo la 3.19 likaleta switchdev, kazi iliyosukumwa na akina Jiri Pirko na Scott Feldman. Wazo lake ni tamu sana: wewe unajenga daraja kwa amri zile zile za kila siku, halafu mfumo unamwambia dereva wa chipu, "wewe unaweza hii? Chukua." Chipu ikijifunza anwani mpya, inarudi kuuambia mfumo. Hakuna amri za siri za kila kampuni. OpenWrt nao, waliokuwa na njia yao wenyewe inayoitwa swconfig, walianza kuhamia DSA kwa toleo la 21.02, mwaka wa 2021. Kwa hivyo mtu asinidanganye kwamba hii ni teknolojia ya kesho ya watu wa Marekani. Iko ndani ya boksi ya ploti yako leo.

Shida ni kwamba kuhamishia chipu kazi ni kitu kinachoweza kuzimika kimyakimya. Hapa ndipo hasira yangu iko.

Chukua MikroTik, kwa sababu mtaani ndiyo utaikuta kwa kabati nyingi za WiFi ya ploti. Mwisho wa 2017, kwa toleo la RouterOS 6.41, walibadilisha mambo. Kabla ya hapo ulikuwa unachagua poti moja iwe bwana na nyingine ziifuate, ndiyo chipu ifanye kazi. Kuanzia hapo unajenga daraja, unaweka poti, na boksi yenyewe inajaribu kumpa chipu kazi. Ikifaulu, ukiorodhesha poti za daraja unaona herufi H pembeni. Ikishindwa, hakuna kengele, hakuna taa nyekundu. Mtandao unaendelea kama kawaida. Ile H tu ndiyo haipo. Paketi zote zimeanza kupitia tao.

Na kinachoizima mara nyingi ni tiki moja. Kwa chipu za zamani kama AR8327, ukiwasha kichujio cha VLAN kwenye daraja, H inatoweka, kwa sababu chipu hiyo haiwezi kufuata daraja kwa namna hiyo; VLAN zake zinapangwa kwenye menyu ya swichi yenyewe. Ukiwasha ile ya kufuatilia matangazo ya IGMP, pia kwaheri. Ukijenga madaraja mawili kwa boksi ambayo chipu yake inakubali moja tu, moja litaangukia CPU. Fundi aliyenakili mipangilio kutoka kwa video ya mtu mwenye boksi tofauti, mwenye chipu mpya inayoweza hayo yote, anaweka tiki zote kwa sababu jamaa wa video aliweka. Kwa jamaa wa video ilikuwa sawa! Chipu yake ilikubali. Yako imelala.

Halafu kuna maneno ya poti zenyewe. RB2011, ile ya poti kumi ambayo imejaa huku kwetu, haina chipu moja ya swichi. Ina mbili. Poti ya 1 mpaka ya 5 ni za gigabiti, ziko kwa AR8327. Poti ya 6 mpaka ya 10 ni za megabiti 100, ziko kwa AR8227. Kati ya hizo chipu mbili hakuna njia ya mkato: kitu kikitoka poti ya 3 kwenda poti ya 8 lazima kipitie CPU ya MHz 600, hata uwe na H kila mahali. Hii si siri. MikroTik huchapisha mchoro wa ndani wa boksi zake, unaonyesha ni poti gani ziko kwa chipu gani. Ni picha moja. Mtu anayekula pesa za ploti kumi hajawahi kuifungua.

Kwetu hayo mawili yalikutana. Ploti ina kamera 20 za usalama, maana boda tatu ziliwahi kuibwa na landilodi akachoka na kesi za polisi. Kamera zimegawanywa kwa swichi mbili ndogo, gorofa ya pili na ya tano, na kebo za hizo swichi zinashuka mpaka poti ya 3 na ya 4 za boksi ya poti kumi ya aina hiyo. Rekoda ya kamera iko kwa kabati hiyo hiyo, na fundi aliichomeka poti ya 8, nafikiri kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Juu ya hiyo aliwasha kichujio cha VLAN kwenye daraja. VLAN ngapi ziko kwa ploti yetu? Sufuri.

Piga hesabu. Kamera moja ya kawaida ukiipa megabiti 4 kwa sekunde, 20 ni megabiti 80. Kwa paketi za kama baiti 1,400, hizo ni paketi karibu 7,100 kila sekunde. Kwa siku ni zaidi ya milioni 610. Kamera hazilali, hazina wikendi. Milioni 610 za picha za ngazi tupu na paka, kila moja ikipanda kwa CPU kuuliza njia ya kwenda kwa rekoda iliyo sentimita ishirini kutoka hapo. Na hiyo CPU ndiyo ile ile inayotafsiri anwani za nyumba zote, inayopanga foleni ya kila mpangaji kulingana na kifurushi chake, inayoangalia nani bando yake imeisha. Sisemi kamera peke yake ziliua boksi. Nasema huo ni mzigo ambao haukuwa na sababu yoyote ya kuwa pale, na uliongezwa juu ya punda aliyekuwa tayari amebeba gunia mbili.

Unalipa ngiri moja na nusu kwa mwezi ya intaneti, na sehemu ya nguvu ya boksi inatumika kumpelekea landilodi video ya ngazi.

Fundi alikuwa ameshatuma ujumbe: kila nyumba 300, ruta mpya. Nilishuka siku aliyokuja na nikamsalimia vizuri, maana ni mtu mzima kuniliko na sina haja ya kumvunjia mtu heshima.

"Boss, naomba tuangalie kitu kimoja kwa hiyo laptopu yako. Orodhesha poti za daraja."

Akaorodhesha. Hakukuwa na H hata moja.

"Hii ni kawaida, kijana," akaniambia. "Inafanya kazi."

"Najua inafanya kazi, mkubwa. Nauliza nani ndiye anafanya."

Alicheka. Simlaumu kwa kucheka. Lakini tuliondoa ile tiki ya VLAN, tukahamisha kebo ya rekoda kutoka poti ya 8 mpaka poti ya 5, iliyokuwa wazi tangu boksi inunuliwe, na H zikajitokeza. Namba ya CPU ikashuka tukiiangalia, na rekoda ikaendelea kurekodi. Ilichukua muda mfupi kuliko ule tuliotumia kumtafuta keateka mwenye ufunguo wa kabati. Zile 300 za kila nyumba bado ziko kwa mfuko wa wenyewe.

Sasa najua maoni yatakayojaa hapo chini, kwa hivyo wacha niyajibu mapema.

Wa kwanza atasema: "Wewe si injinia, uliacha chuo." Ni kweli niliacha. Herufi H haiulizi cheti.

Wa pili atakuwa ni mtu anayejua kazi, na huyu namheshimu. Atasema kuhamishia chipu daraja hakuongezi kasi ya intaneti yenyewe, kwa sababu paketi za mpangaji zinazotoka nje lazima zipitie CPU zitafsiriwe anwani. Yuko sahihi kabisa. Kama tatizo lenu ni kwamba mmenunua megabiti 50 mkauzia nyumba 60 kila moja megabiti 10, hakuna chipu itakayowaokoa, na fundi wenu ni mwizi wa aina nyingine. Nachosema ni kwamba CPU ina sekunde ile ile moja kwa sekunde. Ukiipunguzia kazi za mtaani, inabaki na nafasi ya kazi za tao.

Wa tatu atasema programu inampa udhibiti. Anataka kuona kila paketi, kuichuja, kuipunguzia kasi. Hapa kuna ukweli na kuna kujidanganya. Ukweli ni huu: ukishahamishia chipu, CPU haioni tena paketi zinazopita kati ya poti. Ukiweka kifaa cha kunasa paketi kwenye boksi, hutaziona. Vichujio vya daraja ulivyoandika kwa programu havitazigusa. Na kama poti mbili ni za wapangaji wawili tofauti, chipu itawaunganisha moja kwa moja kwa furaha, laptopu ya mtu ionekane kwa jirani. Hiyo ni hatari ya kweli, na fundi anayewasha tu bila kufikiria anaweza kuwaanika watu. Lakini chipu nyingi zinakubali kuambiwa poti hii isiongee na ile, iongee na CPU tu. Watenge wapangaji kwa njia hiyo, kisha uache kamera na rekoda ziongee zenyewe. Kujidanganya kunaanza pale mtu anaposema anataka kuchuja kila kitu, na ukimwomba akuonyeshe kichujio hata kimoja alichoandika kwa ajili ya kamera, hana. Amelipia udhibiti asioutumia, kwa pesa ambazo si zake.

Pia kuna wale wa "nunua kubwa uache stori." Hao ndio wananikera kuliko wote. CPU kubwa itaficha tatizo kwa muda, sikatai. Core nne, moto zaidi, bei mara tatu. Halafu landilodi anaongeza kamera kumi, mnarudi pale pale, na yule yule anauza tena. Kuna watu biashara yao inategemea wewe usijue tofauti kati ya boksi iliyojaa na boksi iliyopangwa vibaya. Mtu akikuuzia ruta ya pili bila kukuonyesha ile ya kwanza ilikuwa inatumia chipu yake, amekuuzia uvivu wake.

Na si mafundi wa mtaa peke yao, wasee. Juu kabisa kwa mnyororo huu kuna watengenezaji wa chipu. Chipu inaweza kuwa na uwezo wote duniani, lakini bila dereva mzuri mfumo hauwezi kuiambia chochote, na dereva mzuri anaandikwa na mtu aliyeona nyaraka za chipu. Broadcom, ambao chipu zao za swichi zimejaa kwenye vituo vya data duniani, kwa miaka mingi nyaraka kamili wamewapa waliotia saini mkataba wa kutunza siri. Mellanox walichagua njia nyingine: kuanzia 2015 dereva wa swichi zao za Spectrum uliingia ndani ya Linux yenyewe, wazi, mtu yeyote ausome. Kwa hivyo msiniambie haiwezekani kibiashara. Mellanox hawakufilisika kwa kufungua. Nvidia waliinunua kampuni nzima mwaka wa 2020.

Huku chini kwa vifaa vya bei ya watu kama sisi, mambo yamesogezwa na watu wa kujitolea. Lile toleo la OpenWrt 21.02 lilileta uwezo wa kuendesha swichi zenye chipu za Realtek, aina ya swichi unazoziona kwa ofisi ndogo na cyber. Yaani swichi uliyonunua ikiwa na ukurasa wake mbovu wa mipangilio, usioguswa na kampuni tangu itoke kiwandani, inaweza kuendeshwa na Linux ya kweli, chipu ikifanya daraja na CPU ikikaa kando kama meneja. Kuna watu wamekaa usiku wakisoma namba za ndani za chipu ili sisi tusitupe vifaa. Halafu fundi wa mtaa anazima hiyo chipu kwa tiki moja na kututumia bili.

Kwa hivyo wewe unayesoma, hata kama hujawahi kugusa kebo, una maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutoa 300. Poti za daraja zina H, au kwa mfumo wenu alama gani inaonyesha chipu inafanya kazi? Ni poti gani ziko kwa chipu moja, na vitu vinavyoongea sana vimechomekwa hapo? Ni tiki gani umewasha ambazo hatuzihitaji? Akijibu yote na bado CPU imejaa, toa pesa, anastahili, na umshukuru. Akianza kukuambia "haya maneno ni ya kiufundi, hutaelewa," muulize kwa Kiswahili tena, polepole.

Jumamosi niko Luthuli Avenue na simu yangu. Nitapita duka kwa duka nikiuliza swali moja tu kwa kila ruta iliyo kwa rafu: ndani ya hii kuna chipu gani ya swichi, na poti zipi ziko kwake? Sitarekodi sura ya mtu asiyetaka. Duka la kwanza kunijibu bila kunielekeza kwa kijana wa ndani, nitaliweka hapa na bei zake, bila kulipwa hata shilingi. Kama ploti yenu ina poti zisizo na H, nitumieni picha ya mchoro wa boksi na mniambie kamera ziko poti gani. Za kwanza kumi nitazijibu moja moja.